Ibanez GSR200 iliyotumika: kagua shingo na betri, rangi iache

Kati ya besi zilizotumika zinazozunguka kwenye kwaya na bendi za Arusha na Moshi, Ibanez GSR200 ni mojawapo ninayoipendekeza bila kusita, kwa masharti mawili: shingo iwe bado inarekebishika, na saketi yake ya betri iwe nzima au iwe imeondolewa na fundi anayejua alichokuwa anafanya. Mikwaruzo, stika za kwaya ya zamani, skrubu zilizoshika kutu, hayo ni ya kushushia bei tu. Hayagusi sauti.

Ni besi ya nyuzi nne ya daraja la kuanzia la Ibanez, mfululizo wa Gio, na nyingi zimetengenezwa Indonesia. Urefu wa uzi kutoka kichwani hadi darajani, kile chuma kinachoshika nyuzi kwenye bodi, ni inchi 34, kipimo kilichozoeleka tangu Fender walipotoa besi yao ya Precision mwaka 1951, kwa hiyo seti yoyote ya kawaida ya nyuzi za besi inaingia. Freti, vile vyuma vinavyokatiza shingo, ni 22. Shingo ni nyembamba na bodi ni nyepesi, jambo ambalo mpigaji anayesimama ibada nzima ya Jumapili hulithamini kabla hata ya kuzungumzia sauti.

Pikapu, yaani sumaku zinazonasa mtetemo wa nyuzi, ziko mbili. Ya katikati imegawanyika vipande viwili kwa mtindo wa Precision, na ya karibu na daraja ni moja ndefu kwa mtindo wa Jazz Bass, besi nyingine ya Fender. Nobu ni nne: sauti ya kila pikapu, toni, na Phat II ambayo huongeza sauti za chini kwa nguvu ya betri ya volti 9. Kwa dansi na kwaya, fungua pikapu ya katikati yote, ya nyuma iache robo au uifunge, toni iweke nusu. Unapata noti nene, fupi, inayoacha nafasi kwa ngoma na gitaa la ridhim, sauti ya familia moja na ile ya Tom Malanga katika Les Wanyika. (Ukoo huo wa bendi ulipitia hapa: ndugu wa Kinyonga walikuwa na Arusha Jazz kabla ya kwenda Nairobi na kuunda Simba Wanyika, iliyozaa Les Wanyika, mwaka 1971.) Kwa gospo ya kisasa yenye mbio na kupiga kwa kidole gumba, fungua pikapu ya nyuma, hapo ndipo ukali wa noti unapopatikana.

Sasa shingo, maana pesa yako inakwenda huko. Mwombe muuzaji akaze nyuzi hadi zifike kwenye tyuni kamili, E A D G. Besi yenye nyuzi zilizolegea haikaguliki, kwa sababu shingo inanyooka yenyewe pale isipovutwa. Bonyeza uzi wa E kwenye freti ya kwanza kwa mkono mmoja na kwenye freti ya mwisho kwa mkono mwingine, kisha angalia nafasi kati ya uzi na freti ya 7 au ya 8. Inatakiwa iwepo nafasi ndogo, kama milimita 0.3. Zile bamba nyembamba ambazo mafundi pikipiki hupimia valvu zinaipima sawasawa, na fundi yeyote wa kijiweni atakuazima dakika mbili. Pasipo nafasi kabisa, shingo imenyooka kupita kiasi au imepinda kwa nyuma. Ikizidi milimita 0.6, imevutwa mbele. Hali zote mbili zinatibika kwa chuma kilichopita ndani ya shingo, ambacho nati yake iko kichwani chini ya kile kifuniko kidogo cha plastiki. Shingo iliyojisokota haitibiki kirahisi. Itazame kutoka mwisho wa bodi kuelekea kichwani, jicho likifuata kingo zote mbili. Kama upande wa E na upande wa G havipindi sawa, rudisha besi kwa mwenyewe na umtakie heri.

Ukikubaliwa kuigusa nati hiyo, legeza nyuzi kidogo, zungusha robo mzunguko tu, kaza nyuzi tena, kisha pima. Kukaza kunaivuta shingo nyuma, kulegeza kunaiachia ije mbele. Ufunguo lazima ukae vizuri kabisa, kwa sababu ukicheza unaimaliza nati kona zake, na nati iliyokwisha kona ndiyo inayofanya besi nyingi nzuri ziuzwe kwa bei ya chakavu. Kama imeshakazwa hadi mwisho na shingo bado imepinda mbele, hakuna kilichobaki cha kurekebisha. Hili ni swali la kuuliza kabla ya kutaja bei.

Hali ya hewa ya huku inastahili kufikiriwa. Besi iliyokaa Dar es Salaam au Tanga miaka kadhaa imezoea unyevu. Ikipandishwa Arusha kiangazi, mbao hukauka na kusinyaa kidogo, lakini chuma cha freti hakisinyai. Pitisha kidole taratibu ukingoni mwa shingo, juu hadi chini. Ukihisi vincha vinavyochoma, ni hilo. Si kasoro ya kuikataa besi. Ibandike mkanda wa karatasi pembeni, sugua vincha kwa tupa laini iliyolala kwa pembe, malizia na msasa namba 600. Masika ikifika, shingo hiyohiyo inaweza kusogea tena, kwa hiyo kupima mara mbili kwa mwaka, kuelekea mwisho wa masika na katikati ya kiangazi, kunatosha kwa wengi.

Baada ya hapo piga kila freti kwenye kila uzi, noti 88 zote, bila kuunganisha spika. Usione aibu, inachukua dakika tano. Sauti ya kukwaruza kwenye freti za 1 hadi 5 pekee maana yake shingo imenyooka mno. Mkwaruzo kuanzia ya 12 kwenda juu unaashiria nyuzi zilizo chini mno au shingo iliyovutwa mbele mno. Mkwaruzo wa sehemu moja tu, mathalani ukibonyeza ya 6 na kunyamaza ukibonyeza ya 7, ni freti ya mbele yake iliyoinuka, na mara nyingi kuigonga kwa nyundo ya mpira irudi kitako kunatosha. Angalia pia mashimo ya kulika chini ya uzi wa E na wa A kwenye freti za mwanzo, kwani besi ya kwaya huishia hapo Jumapili hadi Jumapili.

Umeme ndio udhaifu halisi wa GSR200, na asilimia kubwa ya lawama zake zinatoka kwenye jambo moja. Betri huwashwa na tundu la jeki lenyewe. Tundu hilo lina miguu mitatu: mmoja wa sauti, mmoja wa ardhi, na wa tatu umeungwa kwenye upande hasi wa betri. Ukichomeka waya, plagi inaunganisha mguu wa tatu na wa ardhi, saketi inawaka. Ukiacha waya umechomekwa usiku kucha, betri inaendelea kuliwa. Sasa tundu likilegea, fundi redio asiyeijua besi huweka tundu la kawaida la miguu miwili. Hapo waya wa betri ama unaachwa ukining'inia, na Phat II haifanyi kazi, ama unalehemiwa moja kwa moja kwenye ardhi, na betri inakwisha hata besi ikiwa ndani ya begi. Fungua kifuniko cha nyuma kwa bisibisi ya nyota, hesabu miguu. Kulibadilisha ni kazi ndogo kwa fundi mwenye mkono mtulivu, ila mwandikie kwenye karatasi waya upi ulikuwa mguu upi kabla hajaushika.

Betri inayokaribia kufa haikuagi vizuri: noti kubwa zinaanza kukwaruza kama spika iliyochanika, halafu sauti inafifia. Pima kwa mita. Ikisoma chini ya volti 7.5, badilisha. Nunua ya alkalaini, zile za bei ya chini kabisa hazidumu. Nobu zinazokwaruza zikizungushwa zinahitaji dawa ya kupuliza ya kusafishia umeme, kidogo tu ndani ya uwazi wa nobu, kisha zizungushe huku na huku mara ishirini. Mafuta ya kulainishia bawaba yasikaribie hapo, yanakusanya vumbi.

Kuvuma je? Pikapu ya katikati, kwa kuwa vipande vyake viwili vimezungushiwa waya kinyume, inajifutia mvumo. Ya nyuma ikiwa peke yake itavuma, na hilo ni kawaida yake. Umeme wetu ni wa hezi 50, na noti ya G kwenye freti ya tatu ya uzi wa E ni hezi 49, ndiyo maana mvumo unasumbua zaidi nyimbo zikiwa kwenye G: masikio yanasikia noti mbili zinazogombana. Mvumo ukipungua unaposhika nyuzi, ardhi ya ndani ya besi iko salama. Lakini ukihisi kuchomwa mdomo kwenye maikrofoni huku mkono uko kwenye nyuzi, simama. Majengo mengi na majenereta mengi hayana ardhi ya kweli kwenye soketi. Pima kwa mita, volti za AC, kati ya nyuzi na wavu wa maikrofoni. Ukikuta makumi ya volti, usipige hadi umeme urekebishwe, na kamwe usikate mguu wa ardhi wa plagi ya ampi ili kuondoa mvumo.

Phat II itumie kwa kiasi. Chumbani, kwenye ampi ndogo, inapendeza. Kanisani, penye spika za inchi 12 zilizokusudiwa sauti za watu, ukiifungua yote unazifanya koni zisukumwe kupita uwezo wake na waimbaji hawasikiki. Iache sifuri, mwombe anayeshika mikisa akuongezee chini kidogo. Ukiniuliza mimi, nobu hiyo ingeondolewa kabisa besi isingepoteza kitu.

Nyuzi za besi si rahisi kuzipata kama za gitaa, na bei yake inauma, kwa hiyo zilizochoka zisitupwe haraka. Zivue, zikunje taratibu ndani ya chupa yenye mdomo mpana, zijaze spiriti, funga, acha siku nzima mbali na moto, kisha zikaushe. Uchafu uliojificha kwenye mikunjo unatoka na mng'ao unarudi kwa muda. Unene wa seti mpya ya kawaida ni 45 hadi 105, kwa vipimo vya elfu za inchi. Unapoifunga, pinda uzi kwanza kwenye nguzo ndipo ukate ncha, acha sentimita kama 10 za ziada, mizunguko miwili au mitatu ikishuka chini.

Kisha rekebisha vibebeo vya daraja. Kwenye freti ya 12, kimo cha uzi juu ya freti cha milimita 2.5 kwa E na 2 kwa G kinapigika vizuri. Linganisha noti ya freti ya 12 na ile ya kugusa juu yake bila kubonyeza. Iliyobonyezwa ikiwa juu, rudisha kibebeo nyuma, ikiwa chini, kisogeze mbele. Maikrofoni ya simu hushindwa kuisikia E ya hezi 41 sawasawa, hivyo kwenye tyuna ya simu tumia hiyo noti ya kugusa, ambayo ni hezi 82.

Bei: ukitajiwa zaidi ya nusu ya bei ya mpya dukani, punguza humo gharama ya seti ya nyuzi na kazi ya fundi kwanza, ndipo mzungumze. Asiyetaka habari za betri kabisa atafute Yamaha TRBX174, ina pikapu za mpangilio huohuo, freti 24, na haina betri. Wanaotaka nyuzi tano wana GSR205, ukaguzi wake ni huu huu, ila B yake ya chini ni hezi 31, na spika za makanisa mengi hazitaitoa.