Nilikodi kamera ya harusi kupiga picha nyotamkia: uzoefu wangu Mbeya

Wenye haraka chukueni hukumu hii muondoke nayo: kamera nzuri, lenzi nzuri sana, stendi takataka, betri bahati nasibu. Nyota tatu kati ya tano. Waliobaki tukae, maana ile stendi ina kesi ndefu.

Mimi nauza vipuri vya pikipiki Mwanjelwa. Picha zangu zote huwa napiga kwa simu: mteja anataka kabureta, namtumia picha, yameisha. Ila Septemba 2024 zikaja habari za nyotamkia, C/2023 A3 Tsuchinshan-ATLAS. Jina refu kwa sababu walioigundua ni wawili. Kituo cha kutazama nyota cha Mlima wa Zambarau (Tsuchinshan) cha China kiliiona Januari 2023, na Februari ikapatikana na darubini ya ATLAS, mfumo wa kusaka mawe ya angani, iliyoko Sutherland, Afrika Kusini. Tarehe 27 Septemba 2024 ilipita karibu kabisa na jua, kama kilomita milioni 58, na siku hizo sisi wa kusini mwa ikweta ndio tuliokaa vizuri kuitazama alfajiri.

Mama mmoja jirani yangu wa dukani aliposikia akaniuliza kama hii nayo itaanguka kama Kimondo cha Mbozi. Nikamwambia hapana mama, lile la Mbozi ni pande la chuma lililokwisha kufika, hii ni barafu na vumbi inapita zake mbali. Akasema basi nimletee picha yake. Hapo ndipo nilipojifunga.

Simu nilijaribu kwanza, nikaiegemeza kwenye tofali uani. Nyota zilitokea, ila kama punje za chumvi zilizolowa. Nikaenda kwenye studio moja ya picha za harusi hapa mjini. Jina silitaji, soma hadi mwisho utajua kwa nini. Bei elfu thelathini kwa siku, amana laki moja na kitambulisho cha NIDA kinabaki kwao. Unapewa kamera, lenzi ya milimita 50 inayofunguka hadi f/1.8 (namba ikiwa ndogo, tundu la mwanga ni kubwa), stendi, betri moja na kadi. Jumamosi ilikuwa na harusi, kwa hiyo nikaambiwa nije saa nne usiku wakishatoka ukumbini.

Kijana wa studio akanikabidhi begi likiwa bado na joto la ukumbi. "Kaka, hii inapiga popote. We weka oto, bonyeza, basi."

Hilo neno oto limenigharimu Jumapili nzima.

Saa tisa usiku dogo wa bodaboda akanipandisha barabara ya Chunya, hadi pale juu ukingoni ambapo mchana unaiona tambarare ya Usangu imelala chini yako. Tulichagua pale kwa sababu mashariki ni wazi, hakuna mlima wa kuziba. Baridi ya huko sitaki hata kuikumbuka, dogo alijifunga blanketi mpaka puani. Nafungua kamera: kadi imejaa maharusi, betri imebaki mstari mmoja. Bila shaka, imetoka kazini! Nikafuta? Ningefutaje harusi ya watu. Bahati nilikuwa na kadi ya kumbukumbu ya simu na kile kikasha chake cha kuiingizia kwenye kamera, nikaiweka hiyo.

Nyotamkia siku zile ilikuwa inachomoza saa kumi na moja na dakika chache, na ikifika saa kumi na mbili kasoro mwanga wa asubuhi umeshaanza kuimeza. Una chini ya saa moja. Mimi nusu ya muda huo niliitumia kusikiliza lenzi inaunguruma kwenda mbele na nyuma ikitafuta fokasi gizani bila kuipata, na fokasi isiposhika, kamera haikubali kupiga. Nikaihamisha kwenye fokasi ya mkono. Pete ya lenzi hii haina mwisho, inazunguka tu, kwa hiyo huwezi kuisukuma hadi ikome ukasema hapo ndipo mbali kabisa. Na kamera ikijizima kutunza betri, ikiwaka tena fokasi imehama. Kilichopatikana siku ile ni picha tisa za ukungu. Betri ikakata saa kumi na moja na dakika arobaini. Kwa macho niliiona lakini, nayo nitasema ukweli: kidoa chenye ufagio mwembamba uliosimama, juu kidogo ya moshi wa mashamba yaliyokuwa yanachomwa kule chini. Dogo ndiye aliyeiona kwanza.

Mchana nikalala, nikachaji betri mwenyewe hadi ikajaa, nikaishika stendi mezani kama ninavyoshika injini. Kumbe shida yake ndiyo hii. Mkia wa nyotamkia haufuati nyuma kama moshi wa lori. Unasukumwa upande ulio mbali na jua, na alfajiri jua likiwa bado chini ya upeo, mkia unasimama kuelekea juu. Kwa hiyo kamera nayo lazima uilaze ubavu ili picha iwe ndefu kwenda juu. Na ukiilaza ubavu, uzito wote unaning'inia kwenye kile kibati cha plastiki kinachoshika kamera kwenye stendi. Cha kwao kilikuwa na ufa. Unapanga picha, unaachia mkono, kamera inainama polepole kama mtu anayesinzia kanisani. Wapiga picha wa harusi hawalijui hili kwa sababu wao kamera iko mkononi muda wote, stendi wanabebea taa.

Dawa ilikuwa dukani kwangu. Mpira wa tubu, kipande cha nusu mita, nikafunga shingo ya stendi na kamera pamoja, nikakaza kama wanavyofunga mzigo kwenye keria. Katikati ya miguu nikaning'iniza mfuko wa mawe upepo usiitikise.

Jumatatu tarehe 30 tukarudi palepale, na safari hii mambo yakaenda. Fokasi niliipata mapema kwa sayari ya Mshtarii, iliyokuwa juu sana upande wa kaskazini: unaikuza kwenye kioo cha nyuma mara kumi, unazungusha pete taratibu hadi iwe kitone kidogo kuliko vyote, halafu huigusi tena. Nikazima kile kipengele cha kujizima. Lenzi nikaibana hadi f/2.8 maana ikiwa wazi kabisa nyota za pembeni zinaota mabawa. Aiso (wepesi wa kamera kuhisi mwanga) 1600, sekunde 5, faili la RAW, yaani picha ghafi. Kwa nini 5? Chukua 500, gawa kwa milimita za lenzi. Kamera hii ina kihisi kidogo (kile kipande cha ndani kinachopokea mwanga), kwa hiyo 50 yangu inahesabika kama 80. Unapata sekunde sita na kitu. Ukizidisha hapo, dunia inavyozunguka nyota zinageuka vistari. Na usibonyeze ukashikilia. Weka ichelewe sekunde mbili ndipo ipige, mtetemo wa kidole uwe umetulia.

Nilipiga arobaini. Kumi na moja zimesimama sawasawa, na moja ina mwanga wa rangi ya chungwa chini, moshi wa Usangu, kisha mkia umepanda juu zaidi ya nilivyouona kwa macho. Lenzi ile nimeivulia kofia. Yule mama jirani nimemsafishia moja, ameibandika juu ya kaunta karibu na kalenda.

Sasa kesi. Kurudisha vifaa, mwenye studio akakagua kibati, akaona ufa, akakata elfu ishirini kwenye amana yangu. Nikamwonyesha mpira wa tubu, nikamwuliza mzee, mtu aliyekuta kitu kizima anakifunga mpira wa nini? Akacheka, ila hela hakurudisha. Kosa langu ni kwamba sikupiga picha vifaa wakati wa kupokea. Wewe piga, kwa simu, mbele yao, na stendi uilaze ubavu hapohapo dukani uone kama inasinzia.

Tarehe 14 Oktoba, sikukuu ya Nyerere, nyotamkia ilikuwa imehamia magharibi jioni, chini kulia kwa sayari ya Zuhura, na iking'aa kuliko mwanzo, ingawa mwezi ulikuwa umeshanona na kuufifisha mkia. Nikarudi studio ileile. Kamera na lenzi tu, nikamwambia, stendi baki nayo. Saa moja na robo usiku nilikuwa nimeweka kamera juu ya mfuko wa maharage kilo mbili, kwenye ukuta wa nyumba ya shemeji Uyole, na haikuinama hata kidogo. Maharage tukayapika kesho yake.