Silingi za kamba nilizoungiwa karibu na Bandari ya Kale, Mombasa: uzoefu wangu

Kazi yangu ni kukata miti, hasa ile iliyobanwa kati ya paa na ukuta, isiyoweza kuangushwa mzima mzima. Tawi hukatwa likiwa limefungwa kamba, likashushwa polepole. Kapi la kushushia, yaani kigurudumu kinachopitisha kamba, hufungwa shinani kwa silingi, yaani kipande cha kamba chenye kitanzi. Miaka yote kitanzi changu kilikuwa fundo, na fundo huila kamba: theluthi ya nguvu huondoka, mafundo mengine hata nusu. Kitanzi kilichoungwa vizuri, yaani ncha ya kamba imefumuliwa na nyuzi zake kupenyezwa ndani ya kamba yenyewe bila fundo, hupoteza kama sehemu moja ya kumi tu. Na hapo kwenye kapi ndipo penye kazi, maana hubeba uzito wa tawi na mvuto wa anayeshika kamba chini. Tawi la kilo 100 linakuwa kama 200, bado hujahesabu mshtuko.

Kabla ya kusi kuanza nikaelekezwa kwa mzee mmoja aliyezoea kamba za majahazi. Kamba nilienda nayo mwenyewe: poliesta ya milimita 16, iliyosokotwa kwa nyuzi tatu nene. (Duka la kwanza walinipa "manila". Manila gani, plastiki tupu, ikisuguana inayeyuka, ikikaa juani inapukutika.)

Mzee alikaa juu ya gunia, akafumua shubiri mbili, akachoma ncha zisichambuke. Kisha kwa kijiti cha mti mgumu, kilichong'aa kwa kushikwa, akaufungua msokoto na kupenyeza uzi mmoja mmoja: juu ya huu, chini ya ule, kinyume cha msokoto. Mikono yake hakuitazama hata mara moja, alikuwa akibishana na jirani habari ya bei ya ngisi. Baina ya adhuhuri na alasiri nilikuwa na silingi tatu, kwa shilingi 1,500.

Lawama yangu ni moja. Alipenyeza mara tatu tu. Kwa kamba ya usumba au mkonge zatosha, nyuzi zile zina ukali, zinashikana. Poliesta inateleza, yataka mara tano au zaidi. Nilijua, nikanyamaza. Nani amfundishe mzee kama yule? Nikachora tu alama ya wino pale uzi wa mwisho unapozama.

Kesho yake nilikuwa Tudor, mwembe juu ya choo cha mabati. Nikaanza na vitawi vidogo makusudi. Baada ya cha nne nikapanda kutazama: alama imesogea upana wa kidole, na ncha mbili zilizokuwa zimechomoza zimemezwa. Nikashuka. Kazi ikalala siku nzima, na mwenye nyumba hakunielewa hata kidogo.

Nikarudi kwa mzee na maneno yangu tayari mdomoni.

"Shikamoo babu. Hii imetembea."

"Marahaba." Akaigeuzageuza, akaisugua kwa gumba. "Sasa mwanangu, mbona hukunambia ni ya kubebea magogo? Mimi nilidhani wafungia kidau."

Maneno yakaniishia. Alizifumua zote tatu akaziunga upya, safari hii mara sita, na ncha akaziacha ndefu. Pesa alikataa, kahawa akakubali.

Tangu hapo nimemaliza ule mwembe, nikashusha mkungu mkubwa Nyali na mivinje miwili Bamburi. Wino uko palepale. Silingi moja tu siifurahii: kitanzi chake ni kifupi, kwa hiyo kikivishwa kitu kinene kinatanuka kama miguu ya ngazi na kuivuta ile sehemu iliyoungwa. Urefu wa kitanzi usipungue mara tatu ya unene wa kinachovishwa, na kipimo hicho ni mimi niliyesahau kumpa.

Kamba ya kusuka, ile yenye kamba nyingine ndani, mzee haiungi, na alinambia wazi bila kuzungukazunguka. Ukienda, chukua kamba yako, mwambie itabeba nini, na usiende Ijumaa mchana.