Gitaa la besi la nyuzi tano kutoka Japani: uzoefu wangu na Yamaha BBP35 hapa Kigoma

Gitaa ninaloeleza hapa ni Yamaha BBP35, la nyuzi tano, lililotengenezwa Japani, ambalo hulipigia kwaya ya kanisani kwetu kila Jumapili na bendi ya ukumbini siku za harusi na sherehe hapa Kigoma mjini. Nililinunua likiwa limeshatumika, kwa mpigaji mmoja wa Dar es Salaam aliyeamua kurudi kwenye nyuzi nne, na lilinifikia kwa treni ya reli ya kati likiwa ndani ya sanduku lake gumu. Nimelipiga masika na kiangazi, kwenye umeme wa gridi na kwenye jenereta, kwenye spika nzuri na kwenye spika ambazo kusema kweli zilistahili kustaafishwa. Nawaandikia wapiga besi wa mikoa ya huku ambao wameona bei ya gitaa kama hili, wakajiuliza ni nini hasa kinacholipiwa.

Kwanza niliondoe jambo la jina, maana kule Kibirizi, kwenye boti za wavuvi, nikisema nina Yamaha naulizwa ni ya farasi wangapi. Injini za boti zinatoka Yamaha Motor, kampuni iliyojitenga mwaka 1955, ilhali kampuni mama ilianza na vinanda: Torakusu Yamaha alitengeneza kinanda kilichoharibika mjini Hamamatsu mwaka 1887, akaendelea kuunda vya kwake, na uma tatu za kusawazishia sauti zilizo kwenye nembo, ambazo wavuvi wetu huziona kila asubuhi, ni zana za muziki. Magitaa ya besi ya mfululizo wa BB yalianza kutoka mwaka 1977. Mfululizo huo ulisanifiwa upya mwaka 2017, na tangu hapo BB434 na BB734A pamoja na ndugu zao wa nyuzi tano hutengenezwa Indonesia, wakati BBP34 na BBP35 hutengenezwa Japani. Anayenunua la mkono wa pili azisome herufi hizo kwa makini kabla hajakubali bei.

Sasa niingie kwenye uzi wa tano, kwa kuwa ndio unaolitofautisha gitaa hili na mengi niliyowahi kuyashika. Uzi wa B ukiwa wazi hutetema takriban mara 31 kwa sekunde, ilhali uzi wa E, ambao ndio wa chini kabisa kwenye besi ya nyuzi nne, hutetema mara 41. Kwenye magitaa mengi ya bei nafuu uzi huu wa B ni mzito, umelegea, na sauti yake ni mngurumo usiotambulika kuwa ni noti gani. Mpigaji hujikuta anaukwepa, na mwisho anabaki na gitaa la nyuzi nne lenye kamba ya mapambo. Katika BBP35 ukishuka kutoka E kwenda B hakuna mahali sikio linaposhtuka. Noti inaanza pale kidole kinapoachia, ina mwanzo mkavu, kisha inajaa, na hata mwanakwaya asiyejua jina la noti anaweza kuiimba.

Umuhimu wa jambo hilo ni mkubwa zaidi kwetu kuliko kwa mpigaji mwenye mitambo ya kisasa. Spika nyingi za inchi 15 zinazotumika makanisani na kumbini huku haziwezi kutoa kwa nguvu sauti iliyo chini ya mitetemo 45 au 50 kwa sekunde. Kwa hiyo msikilizaji wa Mwanga au Ujiji hapa Kigoma, panapokosekana sabufa ya maana, haisikii hiyo 31 yenyewe. Anasikia 62, 93 na nyingine zinazopanda juu yake, na akili yake inajijazia msingi uliopungua. Gitaa ambalo uzi wake wa B unatoa sauti hizo za juu kwa mpangilio ulionyooka litasikika kuwa linashuka chini hata kwenye spika dhaifu, na lile lisilozitoa litasikika kama gari linalopita barabarani. Ndiyo maana simwelewi mtu anayesema kwamba kwa mitambo yetu hakuna haja ya gitaa zuri. Mtambo dhaifu ndio unaohitaji kupewa sauti iliyotengenezeka tangu mwanzo.

Sababu za uwazi huo zinaonekana kwa macho. Mwili umeundwa kwa tabaka tatu, mti wa alder juu na chini na maple katikati, na shingo kwa vipande vitano vya maple na mahogani vilivyounganishwa kwa urefu. Shingo imeshikwa mwilini kwa boliti sita, nne zimenyooka na mbili zimeingia kwa mshazari wa nyuzi 45 za pembe, zikiivuta shingo nyuma na kuibana ukutani mwa nafasi yake. Siku moja nilimpelekea fundi seremala wa hapa Mwanga, mtu aliyefanya kazi na mninga wa Tabora na Uvinza maisha yake yote, kwa sababu nilitaka anitengenezee kisimamio. Kisimamio alikisahau kabisa. Alilipindua gitaa, akapitisha ukucha wa kidole gumba pale shingo inapokutana na mwili, akarudia, kisha akachukua kipande cha gazeti na kujaribu kukipenyeza. Hakikuingia. “Mwalimu,” akaniambia, “huyu aliyekata hapa hakuwa na haraka ya kwenda kula.” Halafu akauliza kwa nini boliti mbili zimekaa upande, na nilipomweleza akatikisa kichwa kwa namna ya mtu aliyependa kazi ya mwenzake.

Pale mwisho wa nyuzi pia pamefikiriwa. Mpigaji anaweza kuzifunga nyuzi kwenye daraja lenyewe, yaani kile chuma cha mwilini kinachozishikilia, au kuzipitisha kutokea nyuma ya mwili kwa njia iliyotobolewa kwa mshazari, hivyo uzi haukunjwi kwa ghafla unapofika kwenye kitako chake. Kwa uzi mwembamba tofauti ni ndogo, lakini uzi wa B una unene wa zaidi ya milimita 3, na waya mnene namna hiyo ukikunjwa vibaya hauketi sawa na noti zake hupotoka. Zangu zote zinapita nyuma. Kuna pia utaratibu ambao kampuni inauita IRA, wa kulitikisa gitaa lililokamilika kwa mitetemo maalumu ili mbao, gundi na rangi vilegeze mkazo wake, gitaa liitikie kama lililopigwa miaka mingi. Langu lilikuwa limeshapigwa na mwenzangu kabla ya kunifikia, kwa hiyo kwangu sehemu hiyo ya maelezo ya mauzo haina uzito, na nisingeshauri mtu aongeze hata shilingi kwa ajili yake.

Jambo la pili lililonifanya nilichague ni kwamba halitumii betri. Magitaa mengi ya nyuzi tano yana saketi ya ndani ya kukuza sauti inayotegemea betri ya volti 9, na betri hizo zinazouzwa madukani huku ubora wake hautabiriki. Nimeshuhudia mpigaji wa bendi ya wageni sauti yake ikianza kukwaruza katikati ya wimbo wa kuwaingiza maharusi, huku mshereheshaji akimtazama kama mkosaji. BBP35 lina vifundo vitatu tu: sauti ya pikapu (kinasa mitetemo ya nyuzi) ya mbele, sauti ya pikapu ya nyuma na cha kupunguza ukali. Huwezi kuongeza besi kutoka kwenye gitaa. Unaweza kupunguza tu, na mengine yote ni kazi ya vidole, amplifaya na fundi mitambo. Aliyezoea kujitengenezea sauti kwa vifundo vingi ataona amefungwa mikono, na sitamlaumu, kwa kuwa kuna muziki unaohitaji ule mng'ao wa betri.

Kuhusu umeme nieleze kidogo zaidi. Pikapu ya mbele imegawanywa vipande viwili vinavyofutiana muungurumo wa umeme, kwa hiyo inakaa kimya hata kwenye jengo ambalo waya wa athi upo kwenye mchoro tu. Ya nyuma ni ya koili moja, nayo kwa maumbile yake hunasa kila kitu: jenereta, taa za rangi, chaja ya simu ya mpiga kinanda. Ninapokuwa kwenye ukumbi wenye umeme mchafu huifungua ya mbele yote na ya nyuma robo tu, nikapata uzito wa rumba pamoja na ncha kidogo ya kuufanya uzi usikike. Kwenye umeme safi huzifungua zote, na hapo gitaa linatoa sauti ya mlio wa puani kidogo ambayo kwenye sebene inapenya katikati ya magitaa matatu bila kuongezwa sauti.

Nikitaja sebene sina budi kusema kwamba Kigoma sikio la besi limelelewa na ng'ambo ya ziwa. Wapigaji wanaovuka kutoka Uvira na Kalemie hutegemea sana kidole gumba na cha shahada, noti zinaachiana nafasi, na kimya kati ya noti ni sehemu ya mdundo. Nilihofia kwamba nyuzi tano zitanibana vidole. Nafasi kati ya uzi na uzi kwenye daraja ni milimita 18, wakati besi nyingi za nyuzi nne zina 19 hivi, na milimita hiyo moja kidole gumba kiliitambua mara moja, ingawa baadaye kikaacha kulalamika. Kilichonifurahisha ni mkono wa kushoto. E ya chini ninaipata kwenye freti (vile vijiti vya chuma vya shingoni) ya tano ya uzi wa B, kisha A, D, G na C ziko kwenye freti hiyohiyo kwa nyuzi zinazofuata, kwa hiyo kifungu kizima cha sebene nakipiga mkono ukiwa umetulia mahali pamoja, pasipo kukimbilia kichwani mwa shingo kutafuta noti za chini. Hiyo kwangu ndiyo faida kubwa ya nyuzi tano, kuliko hata kushuka.

Kwenye kwaya, hata hivyo, kushuka kwenyewe kunahitajika. Sauti ya kwanza wakichoka mwalimu wa kwaya huteremsha do kutoka F hadi E-flati, mara hadi D, bila kumuuliza mpiga besi. Kwa nyuzi nne noti ya nyumbani inanipotea chini ya gitaa na ninalazimika kuipiga oktavu ya juu, ikagongana na sauti ya nne; kwa nyuzi tano ninaiteremsha pamoja na waimbaji, na sauti ya nne wanabaki na sakafu ya kukanyagia.

Gharama ni kizuizi cha kweli. Hata la mkono wa pili linaweza kumgharimu mtu kuliko pikipiki ya bodaboda. Si gitaa jepesi pia. Kwa ibada ndefu mkanda mpana ni lazima, na ule mwembamba wa nailoni utaukata msuli wa bega. Nyuzi ni tatizo kubwa zaidi: hapa mjini seti ya nyuzi tano haipatikani, na hata Kariakoo mara nyingi utapewa seti ya nne na tabasamu. Mimi huagiza mbili kwa pamoja. Zikichakaa kabla mpya hazijafika ninazichemsha kwenye sufuria kuondoa mafuta na jasho, kisha ninazikausha juani. Zinafufuka kwa wiki chache, ila uzi wa B haufufuki kama wenzake.

Kuhusu hali ya hewa, shingo imenishangaza kwa utulivu. Kuanzia Novemba unyevu wa ziwa unapoongezeka, magitaa mengi hupinda hadi nyuzi zikaota juu ya freti. Langu linahitaji robo ya mzunguko wa fimbo ya chuma iliyo ndani ya shingo, kwa ufunguo wa L, na pengine robo nyingine ya kurudisha kiangazi kikikaza. Nililisafirisha hadi Tabora, kwenye hewa kavu ya nyanda za juu, na nilipolitoa sandukuni lilihitaji kukazwa nyuzi tu.

Kwa anayepiga nyimbo za nyuzi nne pekee na kuridhika, BBP34 ina ujenzi uleule na seti za nyuzi zake zinapatikana kirahisi zaidi. Anayehitaji uzi wa tano na amepata BBP35 iliyotumika, aombe muuzaji amrekodie uzi wa B ukiwa wazi na kwenye freti ya 12, gitaa likiwa limechomekwa moja kwa moja kwenye mikisa bila kifaa chochote katikati. Aombe pia picha ya kichwa upande wa nyuma na ya freti karibu na nati, pale nyuzi zinapoingia kichwani, kwa sababu freti zilizolika za besi hii hazina fundi wa kuzibadilisha karibu na hapa, na gharama ya kulirudisha Dar es Salaam kwa kazi hiyo inapaswa kukatwa kwenye bei kabla pesa hazijatumwa.