Eau Sauvage ya Dior: uzoefu wangu wa kuitumia katika joto la Mombasa

Sisi tuliokulia Mwambao tumeyazoea manukato ya mwanamume yakiwa mazito. Kanzu hufukizwa udi, miski au ambari hupakwa nyuma ya masikio, na mwenyewe akishaondoka barazani harufu yake hubaki ikiendelea na mazungumzo. Kwa pua iliyolelewa hivyo, Eau Sauvage huonekana mwanzoni kuwa maji ya ndimu yaliyopandishwa bei, na lalamiko ninalolisikia mara nyingi kutoka kwa wenzangu ni kwamba haina nguvu. Nimeitumia wakati wa kaskazi na wakati wa kusi, kazini na msikitini, na maoni yangu ni kwamba lalamiko hilo linaipima kwa kipimo kisichokuwa chake.

Nyumba ya mitindo ya Christian Dior iliitoa mwaka 1966, miaka 9 baada ya mwenye jina kufariki, ikiwa ndiyo manukato yake ya kwanza yaliyokusudiwa wanaume. Aliyeitunga ni Edmond Roudnitska, Mfaransa aliyefanya kazi zake kijijini Cabris, karibu na Grasse, mji wa manukato kusini mwa Ufaransa, na ambaye miaka 10 kabla ya hapo alikuwa ameitungia nyumba hiyo hiyo manukato ya Diorissimo. Jambo lililoitenganisha na kolonya za ndimu za zamani ni hedioni, kiungo kilichopatikana na wanakemia wa kampuni ya Firmenich ya Geneva walipokuwa wakichunguza mafuta ya asumini. Harufu yake ni ya asumini iliyoondolewa utamu na uzito, ikabaki ile sehemu yake yenye hewa. Kazi yake kubwa, kwa ninavyoinusa mimi, ni kuzifungulia nafasi harufu nyingine: ndimu haikatiki ghafla kama inavyokatika katika kolonya ya kawaida, bali hupungua polepole huku kitu kingine kikiichukua mahali pake.

Ukijipulizia, kinachokuja kwanza ni limau na bergamoti, kali na kavu, pamoja na uchungu wa ganda lililokwaruzwa kwa kucha. Sehemu hiyo ni nzuri lakini fupi. Baada yake hutokea majani: rozimari, lavenda, na rihani. Rihani hiyo ndiyo iliyonivutia zaidi, na si mimi niliyeitambua kwanza. Mke wangu, ambaye amesuka vikuba vya asumini na rihani tangu usichana wake, alininusa shingoni nilipokuwa nikifunga vifungo vya shati, akaniuliza ni nani aliyenivisha kikuba asubuhi yote ile. Alikuwa na haki ya kuuliza, kwani rihani na asumini vikikutana, mtu wa kwetu hafikirii Paris. Mwishoni, mizizi ya nyasi iitwayo vetiva na ukungu wa mwaloni hukaa juu ya ngozi, vikavu na vichungu kidogo, na hapo ndipo mtu anapohisi kwamba hakununua maji ya ndimu.

Ukungu huo wa mwaloni, ambao kwa hakika ni aina ya likeni inayoota kwenye magome ya miti, ndio chanzo cha ubishi kati ya wapenzi wa chupa za zamani na sisi tunaonunua za sasa. Baadhi ya watu ngozi zao huudhika nao, kwa hiyo IFRA, shirika la kimataifa la watengenezaji wa manukato, liliuwekea kikomo cha asilimia 0.1 katika bidhaa inayopakwa mwilini, na mwaka 2017 Umoja wa Ulaya ukapiga marufuku viambato vyake viwili vinavyosababisha mzio, atranoli na kloroatranoli. Mjomba wangu amehifadhi chupa ya miaka mingi yenye mabaki kidogo, naye aliniruhusu kuipima kwenye mkono mmoja huku ya kwangu ikiwa kwenye mkono wa pili. Katika ya kwake, ndimu imeshaoza na kunuka vanishi. Lakini ukiivumilia, chini yake pana unyevunyevu wa msituni ambao katika ya sasa haupo. Ya sasa ni safi zaidi na nyembamba zaidi. Nakiri kwamba ya zamani ina kina. Hata hivyo, simshauri mtu atoe fedha nyingi kwa chupa iliyokaa juani dirishani mwa duka kwa miongo kadhaa, kwa sababu atanunua kina hicho bila ile nusu ya kwanza ambayo ndiyo sifa ya Eau Sauvage.

Kuhusu kudumu, ukweli ni kwamba kwenye ngozi yenye jasho la kaskazi haifiki adhuhuri ikiwa na nguvu, ilhali wakati wa kusi huweza kunifikisha alasiri. Hudumu zaidi kwenye nguo, nami huipulizia kifuani juu ya fulana ya pamba kabla ya kuvaa shati. Anayetaka nguvu zaidi ataonyeshwa Eau Sauvage Parfum ya mwaka 2012, iliyotungwa na François Demachy na kutiwa manemane. Ni nzuri, ila ni manukato mengine yaliyopewa jina la jamaa yake, na kwa yeyote mwenye udi mzuri nyumbani sioni sababu ya kuinunua.

Ya asili nitaendelea kuinunua, tena kwa ajili ya mahali ambapo udi haufai: ofisi yenye madirisha yaliyofungwa, wodi ya mgonjwa, matatu iliyojaa. Aliyekaa ubavuni mwangu huinusa, wa kiti cha nyuma hana habari.