Mkahawa wa Kijapani Usiojua Kilichomo Kwenye Supu Yake

Mtaani kwetu sasa kuna mikahawa kadhaa ya Kijapani iliyokaribiana, na watu huniuliza mara kwa mara waende upi. Nilikuwa nikiwajibu bila kusita kwamba waende ule wa kona, wenye kaunta ya mbao na mpishi anayefinyanga sushi, yale matonge madogo ya wali wa siki yanayowekewa samaki, mbele ya macho ya wateja. Tangu jioni moja ya majuzi siwezi tena kutoa jibu hilo, na ninaandika haya nikiwa bado nimeudhika kwelikweli.

Nilikwenda na mama yangu mzazi. Sisi hatuli nguruwe, na kwa watu kama sisi, penye ugumu katika chakula cha Kijapani si kwenye samaki mbichi, kama wengi wanavyodhani, bali ni kwenye supu. Rameni, zile tambi zinazoletwa ndani ya bakuli kubwa la mchuzi wa moto, zina supu za namna nyingi: ipo inayokolezwa kwa sosi ya soya, ipo ya chumvi, ipo ya miso, yaani soya iliyosagwa na kuchachushwa, na ipo tonkotsu, ambayo ni mifupa ya nguruwe iliyochemshwa kwa saa nyingi mpaka mafuta yake yakachanganyika na maji na supu ikageuka nyeupe. Hata hizo tatu za kwanza mara nyingi huanzia kwenye mifupa ya nguruwe, au ya nguruwe na kuku kwa pamoja, kwa hiyo jina lililoandikwa kwenye menyu halimtoshi mtu anayetaka uhakika. Ni lazima aulize, nami niliuliza kwa adabu zote: "Dada, samahani, supu ya rameni hii ya miso imepikwa kwa mifupa ya mnyama gani?"

"Kuku," akajibu mhudumu, macho yakiwa kwenye simu. Hakwenda jikoni wala hakumuuliza mtu.

Mabakuli yalipofika, supu ilikuwa nzito na nyeupe chini ya rangi ya miso. Rangi peke yake si ushahidi, kwa sababu kuna supu ya kuku ambayo nayo huchemshwa mpaka ikawa hivyo, na sikutaka kumtuhumu mtu bure. Lakini juu ya tambi kulikuwa na vipande viwili vya nyama ya kuviringishwa, vya duara, vyenye tabaka pana la mafuta meupe lililojizungusha mpaka katikati. Hiyo si nyama ya kuku, na mtu anayebeba sahani hizo kila siku hawezi kushindwa kuiona. Mama alikwisha kushika kijiko. Nikamzuia mkono, nikamwita mhudumu, nikauliza tena.

"Supu ni supu," akasema. "Kama vyakula vyetu huviamini, ungebaki kula kwako."

Maneno hayo aliyatamka mbele ya mtu mzima anayeweza kumzaa. Kwamba hakujua, ningemsamehe. Hakuna aliyezaliwa akijua. Ninachoshindwa kukisamehe ni kwamba jikoni palikuwa hatua chache tu kutoka mezani kwetu, na badala ya kuzitembea hatua hizo aliona ni rahisi zaidi kubuni jibu, kisha kututukana tulipolitilia shaka.

Haki lazima niitende: aliyetuokoa alikuwa mpishi. Alisikia, akaweka kisu chini, akaja mwenyewe na kusema, "Mama, samahani sana, hii ina nguruwe." Akatuhamishia kaunta, akatuletea supu nyepesi ya dashi, inayotolewa kwenye mwani mkavu wa kombu na samaki aliyefukizwa moshi, na ndani yake mlikuwa na umami, ile ladha ya kukolea kama ya mchuzi wa nyama, ambayo mwanakemia Kikunae Ikeda aliitambua katika kombu mwaka 1908: nzito mdomoni ingawa maji yake ni maangavu kabisa. Sushi yake nayo sijaona mfano wake mtaani. Wali ulikuwa na vuguvugu la mwili wa binadamu, siki ikisikika kwa mbali, punje zikishikana mkononi na kuachana mara tu zilipogusa ulimi. Kwa nusu saa hivi nilikuwa tayari kusahau yote, na nilikwisha kupanga moyoni sifa nitakazowaandikia.

Kisha ikaja bili. Rameni zote mbili, tulizozirudisha bila kuzionja, zilikuwa zimeandikwa, na mhudumu yuleyule akatuambia kwamba kikishatoka jikoni hulipwa. Tulilipa, kwa sababu mama hakupenda kelele, na mpaka leo natamani angeniacha niseme.

Katika mkahawa wa pili, ule ambao sahani za sushi huzunguka kwenye mkanda, mhudumu naye hakujua jibu la swali kama hilo. Tofauti ni kwamba alikwenda kuuliza, akarudi na habari kamili: supu yao ni ya kuku mtupu, ila mchuzi wa kuku wa kuchoma una mirini, ile divai tamu ya mchele ambayo ile halisi ina kileo cha takriban asilimia 14. Hilo la mirini hata sikuwa nimeliuliza.

Kwa hiyo mtu anayekula kila kitu, na anayefuata sushi tu, na aende ule wa kona akae kaunta, aagize kwa mpishi mwenyewe. Nilikusudia kuwapa nyota tatu kwa heshima ya mpishi huyo, lakini kila ninapokifikiria kile kijiko mkononi mwa mama naona hata mbili ni nyingi, nawapa moja. Mwenye swali lolote kuhusu kilichomo bakulini na aende kwenye mkanda, ijapokuwa wali wao huja baridi na mgumu kidogo.