DCLNR 2525M12: holda ya kukerezea chuma kilichopigwa hadeni, hii nimeikubali

Wakuu, kwa wale mnaokereza chuma kilichopigwa hadeni (kilichofanywa kigumu kwa moto), hii holda (mshikio wa kisu cha mashine ya kukerezea) naitumia kwenye shafti za gia boksi, pale panapokaa beringi, na naisifia bila kusita. Mafundi wengi hela yote inaishia kwenye insati ya CBN (kipande kidogo kigumu sana cha kukatia) halafu inafungwa kwenye holda yoyote iliyopo, kona ikivunjika lawama kwa insati eti feki, kumbe insati ilikuwa inacheza kwenye mfuko wake.

Utamu wa hii uko kwenye klampu. Ina kidole kinachoingia kwenye tundu la insati (mimi naweka CNGA 120408), unakaza skrubu moja tu na unaiona kabisa insati inarudi nyuma mpaka inagusa kuta zote mbili, hapo hapo inagandamizwa chini kwenye shimu (kibamba kinachokaa chini ya insati). Fila geji (kibamba chembamba cha kupimia upenyo) ya milimita 0.02 haipiti chini yake. Ile holda nyingine, PCLNR ya wenzo, inashikilia kwa ndani ya tundu tu, kwa chuma cha kawaida iko poa sana, ila ukifika 58 HRC (kipimo cha ugumu wa chuma) nguvu ya kuisukuma tulu (kisu) irudi nyuma inakuwa kubwa mno, insati ikipata upenyo hata kidogo inatetemeka, na CBN ikitetemeka inamenyeka.

Nakata kina cha milimita 0.2, fidi (mwendo wa tulu kwa kila raundi) milimita 0.1, kasi mita 120 kwa dakika, yaani shafti ya milimita 50 ni kama raundi 760 kwa dakika, kavu bila maji, nyuzi za chuma kilichokatwa zinatoka nyekundu kabisa na uso unabaki unang'aa bila mawimbi. Aisee raha!

Kasoro zipo. Bei iko juu ya PCLNR, ncha ya klampu inaliwa taratibu na zile nyuzi za moto kwa hiyo nunua ya akiba, shimu pia. Insati isiyo na tundu humu haikai. Kama tuluposti yako (sehemu ya mashine inayobana holda) inabeba milimita 20 usilazimishe, chukua 2020K12. Na usiitoe nje sana, urefu uliotoka ukiongezeka mara mbili inapinda mara nane, hapo hakuna klampu ya kukuokoa. Kila ukigeuza kona futa mfuko kwanza, chembe moja ya chuma chini ya insati inatosha kuharibu kazi.