Hita ya Mark II yangu: gereji mbili, themostati iliyotupwa na baridi ya Njombe

Gari langu ni Toyota Mark II Grande, ile GX110 ya mwaka 2001, injini 1G-FE. Nimeliendesha Dar miaka sita, na miaka yote hiyo sikuwahi kugusa upande wa joto. Nani Dar anawasha hita? Unabonyeza AUTO, unaweka 22, safari imeanza. Mwaka jana mwezi wa tano nikahamishiwa kazi Njombe. Aliyewahi kulala Njombe mwezi wa sita anaijua habari yake, na asiyeijua awaulize wauza makoti ya mtumba.

Asubuhi ya kwanza ya baridi niliweka 28. Feni ikavuma, upepo ukatoka wa baridi kama umefungua friji. Kioo cha mbele kikashika ukungu kwa ndani, nikawa mkono mmoja kwenye usukani, mwingine unafuta kwa kitambaa, na njia ya Makambako nayo ina ukungu wake wa nje. Kioo ndicho kilichonipeleka gereji. Baridi peke yake ningeivalia sweta.

Gereji ya kwanza siitaji kwa jina. Jamaa alisikiliza nusu dakika, akasema, "Gesi imepungua, bosi." Nikamwambia shida yangu ni joto, si ubaridi. "Mfumo ni mmoja huo huo." Nikalipa 70,000, gesi ya AC ikajazwa, na gari likapoa zaidi ya lilivyokuwa. Nyota moja, nayo ni kwa sababu walinipa kiti cha kukalia.

Wa pili nilielekezwa na jirani. Kijana tu, hana bango, anafanyia kazi nyuma ya kontena. Swali lake la kwanza halikuwa la AC kabisa: "Mshale wa temprecha huwa unakaa wapi?" Nikamwambia unakaa chini ya katikati, na nikishuka mlima unashuka zaidi. Akatabasamu, akachukua spana, akafungua pale mpira wa rejeta unapoingilia kwenye injini. Ndani patupu. Hakuna themostati.

Hapo nikakumbuka. Miaka mitatu nyuma gari lilichemsha Dar. Fundi wa huko akaing'oa, akanionyesha kiganjani, akasema hii ni ya Wajapani wenye theluji, sisi haituhusu. Nikamshukuru na soda nikamnunulia.

Kijana alinieleza vizuri, na naandika hapa kwa sababu naamini nusu ya magari yetu yamefanyiwa hivyo. Hita haina moto wake. Inaazima joto la maji ya injini: maji yanapita kwenye rejeta ndogo iliyofichwa nyuma ya dashibodi, feni inapuliza hewa kupitia hapo. Themostati kazi yake ni kuyazuia maji yasiende kwenye rejeta kubwa mpaka yapate moto. Yangu mpya imeandikwa 82, maana yake inaanza kufunguka maji yakifika nyuzi 82. Ukiitoa, maji yanazunguka kwenye rejeta kubwa tangu unapowasha. Kwenye foleni ya Dar huoni tofauti. Njombe alfajiri injini haipati moto sawasawa, na kompyuta ikiona injini bado ya baridi inaendelea kumwaga mafuta ya ziada. Nilikuwa nalalamikia bei ya petroli, kumbe na mimi nilikuwa na mkono wangu.

Tukaweka themostati mpya. Mshale ukapanda katikati, ukatulia. Joto? La kuazima tu, vuguvugu. Akaniambia nishike mipira miwili midogo inayoingia kwenye ukuta wa nyuma ya injini (angalia feni isije ikakukata). Mmoja ulikuwa unachoma, mwingine unashikika kabisa. Rejeta ya hita imeziba. Na imeziba kwa nini? Kwa sababu nilikuwa najaza maji ya bomba miaka yote, kulanti, yale maji maalumu ya rejeta, naona ghali. Tulisubiri injini ipoe, akaichomoa mipira yote miwili, akapitisha maji kinyumenyume, polepole, si kwa presha, kwa sababu rejeta ya gari la zamani ikipasuka utavua dashibodi nzima. Yalitoka maji ya rangi ya chai ya rangi iliyochacha, na vipande vya kutu. Karibu dakika ishirini mpaka yakawa meupe.

Bado kulikuwa na mlio kwenye dashibodi, tik-tik-tik kama saa ya ukutani, kila nikibadilisha namba ya joto. Hapa ndipo niliponyoosha mikono juu. Hakuleta mashine ya kupimia. Alishikilia kitufe cha AUTO pamoja na kile cha kuzungusha hewa ya ndani, akawasha swichi. Taa za paneli zikawaka na kuzima mara kadhaa, kisha namba zikaanza kujitokeza: 41. Hiyo ni namba ya hitilafu ya mlango mdogo unaochanganya hewa ya moto na ya baridi: mota yake inaamriwa lakini mlango hausogei. Miaka sita nina gari linaloweza kujieleza ugonjwa wake, na hakuna fundi aliyewahi kuliuliza.

Nilirudia mwenyewe nyumbani usiku nikapata 21, nikapigwa na butwaa, nikampigia simu. Akacheka mpaka nikaona aibu: "Kaka, hiyo ni sensa ya jua. Jua limezama." Ukipima gizani italeta 21 hata ikiwa nzima.

Mota ya mtumba iliagizwa Dar, ikaja kwa basi siku mbili baadaye. Ile ya zamani tuliifungua: gia ya plastiki imekatika meno mawili. Kubadilisha kulichukua saa tatu na lugha ambayo siwezi kuiandika hapa, maana skrubu moja iko mahali ambapo mkono wa binadamu haukukusudiwa kufika. Filta ya hewa nyuma ya droo ya abiria nayo ilikuwa na majani ya mwarobaini, zawadi kutoka Dar.

Na ile gesi? Kwa haki niseme haikuwa hasara tupu. Ukungu wa kioo unaondoka haraka ukiwasha AC na joto kwa pamoja: AC inakausha hewa, hita inaipasha. Mimi nilidhani ukiwasha vyote viwili vinapigana.

Hesabu yangu: themostati na gasketi 40,000, kulanti lita nane na maji yaliyosafishwa 95,000, mota 60,000 na nauli ya basi 5,000, filta 15,000, ufundi 80,000. Jumla 295,000, bila kuhesabu zile 70,000 za mwanzo ambazo bado zinaniuma.

Kijana wa kontena nampa nyota nne. Ya tano nimeibakiza kwa sababu aliniambia saa nne asubuhi akaja saa nane, siku zote mbili, na kifuniko kimoja cha dashibodi hakijakaa sawa, kinalia nikipita kwenye rasta za barabarani. Sasa nikiwasha, naacha dakika kama tano injini ipate moto kwanza ndipo naweka 24, na kioo kinakuwa safi kabla sijafika lami. Feni ikiwa namba ya mwisho inapiga mluzi. Amesema ni mota ya feni inachoka, ataniagizia. Nimemwambia aje saa nne.